Kwa Apio, Aliyependa Nyota Changa

Kwako Apio, pacha wangu uliyenitangulia,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi ya hospitali, mgongo unaniuma, namba yangu ya foleni mkononi. Mama ameketi kando yangu na hataki kuniangalia. Nitakueleza kilichotuleta, lakini acha kwanza nikukumbushe mambo mengine, maana nikianza na hilo sitamaliza.

Unakumbuka siku uliyonifuata mpakani Malaba, kwenye yadi ya malori ninakofanya uwakala wa mizigo, ukiwa na kompyuta ya shule kwapani? Nilikuwa nangoja kontena la mteja wangu lipite kwenye skana ya forodha. Jua lilikuwa linachoma na dereva ananipigia kelele, "Ajenti, karatasi ziko wapi?" Wewe hukujali. Uliifungua kompyuta juu ya pipa la mafuta ukaniambia, "Adongo, cheki hizi. Ni nyota baby kabisa."

Ilikuwa picha iliyopigwa na ile darubini iliyo huko angani, uliyokuwa ukiwachosha nayo wanafunzi wako wa fizikia kule Bukhayo. Niliona wingu la rangi ya kutu, na ndani yake vitone vyeupe vimerundikana kama dagaa wa omena kwenye trei. Nikakuuliza mbona kwenye picha nyingine, ya darubini ya kawaida, wingu lilelile lilikuwa jeusi tupu. Ukasema macho yetu hayapenyi vumbi, lakini darubini hiyo inapokea mwanga wa joto, na huo unapenya. Nikakuambia, "Si ni skana tu! Hata sisi hatufungui lori." Ulicheka mpaka yule dereva akauliza kama tumeshinda kesi.

Ukanifundisha palepale, nimesimama. Kwamba wingu la gesi na vumbi likipoa sana hujikunja lenyewe kwa uzito wake, likagawanyika vipande, na vipande vikawa nyota. Kwamba ni nadra nyota kuzaliwa peke yake. Huzaliwa kwa makundi, nyingine mbilimbili kama sisi. Zile kubwa zikishapata nguvu hulipeperusha wingu lililozilea, halafu kundi hulegea na kila moja ikashika njia yake. "Na hizi kubwa hazikai," ulisema. "Zinajimaliza haraka." Ulisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Wewe, sasa najua, ulikuwa tayari na ule uvimbe kwenye titi.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, dada.

Mama alitulea kama mtu mmoja. Kwetu Namboboto, huku Samia, pacha hutendewa sawa: mmoja akinunuliwa viatu, na mwenzake anunuliwe, mmoja akiugua, wote wawili wanywe dawa. Ulipopata malaria tukiwa darasa la nne, mimi niliyekuwa mzima nilimezeshwa vidonge na kuteremshiwa maji ya mwarobaini juu yake, nikatapika kukushinda wewe mgonjwa. "Nyinyi ni mtu mmoja," mama alikuwa akisema, kikombe mkononi. "Ugonjwa ukikosa mlango huu utaingia ule." Tulipokuwa wakubwa tulimcheka sana.

Lakini uvimbe ulipokuja hukumcheka tena, ulimwogopa. Uliniambia ukiwa umebaki mifupa, mtoto wangu ana wiki tatu: "Mama angekunywesha kila mti wa Samia, na wewe uko na mzigo tumboni. Nikasema wacha ujifungue kwanza." Ukangoja miezi yote hiyo. Mwalimu mzima wa sayansi! Sijui nikushukuru au nikutukane. Siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chai.

Kwenye mazishi yako sikulia. Pacha haliliwi, si unajua. Wala hasemwi kwamba amekufa, husemwa ameruka. Shangazi alinishika mkono huu, mama ule, nikaambiwa nikidondosha chozi nitakufuata. Watu waliimba nyimbo za mapacha nami nikasimama na macho makavu. Mwalimu mwenzako mmoja akapewa nafasi ya kusema, akasema sasa wewe ni nyota inayotuangazia. Nilitaka kumzaba kofi. Ungekuwepo ungemsahihisha mbele ya watu: nyota ni gesi ya moto, mtu ni mtu. Nilijua hivyo, na haikunisaidia chochote.

Sasa nikwambie. Leo alfajiri nikinyonyesha niligusa kitu kigumu karibu na kwapa la kushoto, upande uleule wako. Nilikaa nacho hadi adhuhuri, na nikaelewa jinsi kunyamaza kulivyo rahisi. Kisha nikamwambia mama. Aliuweka chini ungo wa mtama. Hakutaja mwarobaini, hakutaja mti wowote. Alisema tu, "Vaa twende."

Labda ni maziwa yaliyoganda. Labda siyo. Naogopa, Apio. Tulifanana mpaka baba alikuwa anatukosea majina, na kilichokuwa ndani yako sina sababu ya kudhani kwangu hakipo. Nina mtoto ambaye bado hajajua kutambaa.

Muda mfupi uliopita muuguzi alikuja na fomu, akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kupata saratani ya titi. Nikaanza kumwambia kwamba pacha wangu aliruka. Mama akasimama. Mama huyuhuyu aliyenikaza mkono kando ya kaburi lako. Akasema kwa sauti iliyogeuza benchi nzima, "Andika, sista. Pacha wake alikufa. Alikufa na hii. Huyu mwangalieni vizuri."

Kisha akaketi, akajifunika uso kwa leso, akalia. Nikalia naye, na hakuna aliyemkataza mwenzake.

Wanaita jina langu. Naingia.

Mdogo wako kwa dakika ishirini,
Adongo