Mlango wa Gavana Haufungwi

Dada yangu Orpha,

Theluji imefika madirishani huku. Binti yetu Lucy bado anakohoa kidogo, lakini anakula na kucheza. Pai zako za maboga zilifika salama.

Jana, Mwaka Mpya, tulifungua mlango kama kila gavana afanyavyo, raia yeyote aje ampe mkono. Shemeji yako Lysander alisimama tangu asubuhi akitaniana na wakulima.

"Gavana, mbona umenenepa?"

"Si ni hizo kodi zako, bwana!" Watu wakaangua kicheko.

Kisha nikamwona mzee Tunnicliff kwenye foleni. Mwanawe alinyongwa wiki iliyopita, na Lysander ndiye aliyetia saini anyongwe. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa ndani ya koti. Nilitaka kupiga kelele kwamba ana silaha.

Akaushika mkono wa mume wangu, asiuachie.

"Ndio huu uliotia saini?"

"Ndio huu, mzee wangu."

"Una joto. Wa mwanangu ulikuwa baridi kama chuma."

Akauchomoa ule wa kotini. Orpha, roho iliniruka! Akaweka mezani kofia ya mwanawe, akaondoka.

Leo amerudi. Amekaa kwenye ngazi zetu, thelujini. Nimemsihi Lysander tufunge mlango. "Mlango huu ndio ulionipa kura, mke wangu," anasema. Lakini tangu jana havui glavu ya mkono ule, hata anapokula.

Jumamosi nakuletea Lucy. Mama akiuliza, mwambie ni kikohozi.

Mdogo wako,
Keziah