Jinsi Alivyokufa Ndugu Yetu Faraj

Kimaka, Jinja,
Jumapili, 22 Januari 1989.

Mpendwa kaka yangu Adrisi,

Assalaam alaikum. Naomba karatasi hii ikukute huko Kibera ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimetulia. Shemeji hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Sisi huku miili yetu mizima. Mama anatembea bila fimbo, ila macho ndiyo yanamsumbua; juzi alimwamkia mbuzi wa jirani akidhani ni mtu. Tulicheka, naye akacheka.

Barua yako aliyoileta dereva wa basi nimeipata Jumatano. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, na tangu siku hiyo sijui kukaa. Nikiketi nainuka. Naanza kufua naacha nguo kwenye maji, nakwenda sokoni nafika sikumbuki nilichofuata. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Unauliza kama ni kweli yanayosemwa huko, kwamba Faraj wetu alishirikiana na majambazi wanaoteka malori, na kwamba walimuua kwa sababu waligombana wenyewe kwa wenyewe. Kaka, nimeumia, lakini kosa si lako. Kosa ni langu. Ndugu yetu alipofariki nilikutumia maneno mawili, nikanyamaza karibu mwaka mzima, nikakuacha upewe habari zake na watu wasiomjua. Sasa nitakueleza yote, hata yale yasiyopendeza.

Ulipopanda lori na wanajeshi wenzako mwaka 1979, jeshi lenu liliposhindwa, Faraj alikuwa na miaka kumi na sita. Wewe ulikimbia na bunduki yako, sisi tulibaki na lawama. Sikulaumu, nasema ilivyokuwa. Jirani yetu Nabirye alituficha jikoni kwake wiki mbili huku watu wakibeba mabati ya nyumba yetu. Hata tuliporudi, Faraj akipita sokoni watu walisema, "Wale watoto wa bunduki." Maneno hayo yalimwingia kuliko njaa.

Serikali hii ilipoandikisha polisi wapya, alikwenda kujiandikisha bila kutuambia. Mama alipojua alikataa kula. Alimwambia, "Sare imenichukulia mwana mmoja, na wewe unaifuata?" Faraj akajibu, "Mama, nataka watu wamwone mmoja wetu amevaa sare, na wasikimbie." Walimpeleka Mbale. Kabla ya mwaka kwisha walimfanya koplo, na Hajarah mkewe akamfuata na mtoto.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili mwaka jana, saa tisa mchana. Faraj na mwenzake, Konstebo Wamboga, walikuwa wamemkamata mtu mmoja anaitwa Enos karibu na maduka ya jumla, akiwa na robota la vitambaa lililotoka kwenye lori lililotekwa. Gari la kituo lilikuwa bovu. Wamboga akabaki kulinda mzigo, Faraj akamtia Enos pingu, wakaanza kwenda kituoni kwa miguu.

Njiani pikapu iliwazuia. Walishuka wanaume wawili wamevaa jaketi za kijeshi. Mmoja alisema, "Afande, huyo mtu ni wetu. Sisi ni watu wa usalama. Tupe." Hawakuwa watu wa usalama, kaka. Walikuwa wakubwa wa kundi lile lile la kuteka malori, na Enos alikuwa mpakiaji wao. Walitaka kumnyamazisha kabla hajafika kwenye meza ya polisi.

Faraj akawauliza, "Barua yenu iko wapi?" Hawakuwa nayo. Akawaambia, "Basi twendeni wote kituoni, mkamchukulie mbele ya mkubwa wangu." Huku anasema, alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo, amemweka Enos mgongoni, mpaka wakafika kwenye mlango wa duka la Mubaraka, yule anayeuza sabuni na mafuta. Akamsukuma Enos ndani. Akamwambia Mubaraka, "Funga!" Mubaraka akashusha mlango wa chuma. Faraj akabaki nje.

Walimpiga risasi mbili. Watu walipoanza kupiga kelele pande zote, wale wawili walirudi kwenye pikapu wakakimbia. Ndugu yetu alikufa pale pale barazani, hata kofia haikumtoka.

Mubaraka huyo alikuja nyumbani siku ya arobaini. Mwanaume mzima, mfanyabiashara mwenye heshima zake, alilia mbele ya Mama. "Mimi ndiye niliyefunga," alisema. Mama akamwambia, "Yeye ndiye aliyesema funga." Kisha akampa chai kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu maziko, nataka ujue hili. Mwili uliletwa Jinja asubuhi ya pili yake, pamoja na mkubwa wao wa Mbale, Afande Bogere, Msoga wa huku huku kwetu. Polisi walijaa lori zima, na kwa heshima ya marehemu walitaka kupiga bunduki hewani makaburini. Walipoanza kushuka na bunduki zao, nilisikia milango ya majirani inafungwa mmoja baada ya mwingine. Watu walivuta watoto ndani. Miaka yote hii imepita, Kimaka bado inajua maana ya askari wengi kushuka kwenye lori.

Mama aliisikia hiyo milango. Akatoka kati ya wanawake, akamwendea Afande Bogere. Nilidhani anakwenda kumtukana. Akamwambia, "Baba, nashukuru mmemleta mtoto wangu. Lakini bunduki imemuua. Msimuage kwa bunduki." Afande akawageukia watu wake akasema zirudishwe zote kwenye lori. Zikarudishwa. Milango ikafunguliwa, na waliolibeba jeneza kutoka nyumbani mpaka makaburini walikuwa polisi na majirani mchanganyiko, Waislamu na Wakristo. Mume wa Nabirye alilibeba mpaka bega likamvimba. Afande mwenyewe alishika sepeto akiwa na viatu vyake vinavyong'aa.

Nilifikiri baada ya hapo tutalia tukapumzika. Wapi! Haikupita wiki tatu, maneno yakaanza. Kwamba polisi gani anamfia mwizi? Kwamba hakika alikuwa mwenzao. Hajarah alikuwa edani, hawezi kutoka kwenda kumtetea mumewe, na Mama alikuwa mgonjwa. Nikapanda basi kwenda Mbale peke yangu, eti kuchukua nguo na vyombo vyake. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumtazama huyo Enos kwa macho.

Afande Bogere aliniambia Enos hataki kusema. Wale wauaji walikuwa wameshakamatwa kwa sababu ya pikapu yao, lakini bila mtu wa kuwataja kesi ilikuwa nyepesi. Waliokuwa njiani waliogopa kusema, na Mubaraka alisikia sauti zao tu. Enos alikuwa anaogopa, tena kama angesema ingembidi ajitaje na yeye. Nikaomba nimwone.

Kaka, nilitegemea kumwona jitu. Nilimkuta mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, viatu hana. Nilimuuliza, "Wewe ni mwizi?" Akajibu, "Ndiyo, mama. Ile vitambaa nilichukua. Siwezi kudanganya wewe." Mkono wangu uliinuka. Konstebo Wamboga alikuwa kando, hakunizuia, na nadhani ndiyo maana sikumpiga. Nikasema, "Ndugu yangu amekufa kwa sababu yako." Akasema, "Hata mimi kila siku nauliza, kwa nini yeye hakutoa mimi?"

Sikwenda kumbembeleza, na sikumbembeleza. Nilimwambia tu yanayosemwa mjini, kwamba Faraj alikuwa mtu wao. Hapo ndipo alipobadilika. Alisimama, akashika nondo za mlango, akasema kwa sauti, "Nani anasema? Nani?" Kama vile aliyetukanwa ni ndugu yake. Nikamjibu, "Wanasema wote, na anayejua ukweli amekaa hapa kimya." Nikaondoka. Jioni hiyo, nikiwa bado nafunga vyombo vya Faraj kwenye chumba chake, Wamboga alikuja mbio kuniambia Enos ameomba karatasi.

Kesi ilisikizwa Mbale mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda siku zote nne. Safari hii Hajarah alikuja nami, eda ilikuwa imekwisha, mtoto tukamwacha kwa Mama. Niliona nyuso za wale wawili. Nilitamani nisizione, maana sasa nazijua, nazikuta kwa watu wasiohusika, kwa kondakta, kwa muuza ndizi.

Wakili wao alikuwa hodari wa maneno. Alimbana Enos. Akamwambia, "Kubali kwamba marehemu alikulinda kwa sababu mlikuwa mnagawana." Hajarah alinishika goti mpaka kucha zikaniingia. Enos akajibu, "Bwana, kama yeye alikuwa mtu wa kwetu, angewapa mimi pale pale. Leo angekuwa hai, na mimi ndiyo ningekuwa nimekufa."

Basi, kaka. Hilo ndilo jibu la swali lako. Sina lingine zuri zaidi, na wakili naye hakuwa na swali lingine.

Jaji aliwatia hatiani wote wawili, nao watafungwa maisha yao yote. Alisema mbele ya watu wote kwamba Koplo Faraj alikufa akifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Nilidhani nitafurahi. Nilitoka nje nikazunguka ua mara mbili, sijui ninatafuta nini. Enos naye alihukumiwa mwaka mmoja na nusu kwa ile mizigo ya malori. Hakukata rufaa. Alipopita mbele yetu, Hajarah alimwambia ahsante, naye Enos akainamisha kichwa.

Sasa kuna jambo ambalo hata wewe hutalitarajia. Enos ameletwa kufungwa hapa Jinja. Nilimwambia Mama nikidhani atanyamaza kama kawaida yake. Akasema, "Nipeleke." Nikasema Mama, jua kali. Akasema, "Wewe kila siku unazunguka hapa ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nipeleke, miguu yako ipate kazi." Alhamisi hii iliyopita tukaenda, siku moja tu baada ya barua yako. Alipika wali na maharagwe, akavifunga mwenyewe.

Enos alipoletwa, hakuweza kumtazama. Mama alimsogezea chakula. Akamwambia, "Mambo ya risasi nimeyasikia, Ramula huyu ameniletea yote kutoka mahakamani. Sikuja kuuliza hayo. Nataka unieleze ya kabla. Mlitembea pamoja kutoka kule madukani. Mtoto wangu alikuwa anasema nini?"

Enos akasema, "Alikuwa anacheka, mama. Mimi niliogopa sana, nilidhani atanipiga. Yeye akaniambia mtoto wake ameota meno, asubuhi hiyo amemng'ata kidole mpaka akapiga kelele kama mtu ameona nyoka."

Mama akauliza, "Kidole kipi?"

Enos akatazama mikono yake mwenyewe, akajaribu kukumbuka, kisha akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. "Hiki," akasema. Mama akakitazama kile kidole kwa muda mrefu, kwa macho yake yale yasiyoona vizuri, akakishika. Hakulia. Mlinzi alipotuambia muda umekwisha, alimwambia Enos, "Kula, kisipoe," tukatoka. Njiani alinitangulia, mimi ndiye niliyemwomba apunguze mwendo.

Kaka, wasomee barua hii wale waliokuambia. Wasomee kwa sauti. Kisha uje. Watu wengi wa jeshi la zamani wamekwisha kurudi, wanalima, wanauza duka, hakuna anayewagusa. Ukiogopa kuvuka mpaka peke yako, niambie siku, nitakungoja upande wetu kwenye mabasi pamoja na Wamboga. Mama hasemi, lakini akisikia basi la Kenya linapita huwa anaacha anachofanya.

Hajarah anakusalimu sana, na Madina mdogo, mtoto wa Faraj, anatembea sasa na kuvunja vikombe. Nabirye na mumewe wanakusalimu, na Mubaraka kila akipita Jinja anauliza habari zako. Nisalimie shemeji na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Mwenyezi Mungu amrehemu Faraj wetu, amwangazie kaburi lake, na wewe akutoe huko salama akufikishe kwenye mikono ya Mama angali ana nguvu za kukukumbatia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukasirikia,

Ramula.