Kukiri kwa Shija Katika Ukumbi Namba Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mazao shambani, Kate
Jina: Redempta Polikarp Sikazwe
Umri: Miaka 47
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi, kwa sasa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili
Makazi: Izia, Sumbawanga
Tarehe na muda: 16/05/2025, saa 3:40 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasoma maendeleo ya jamii darasa moja na Shija Maganga, kijana mnayemshikilia hapa tangu jana. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Mnamo tarehe 14/05/2025, saa nne na robo asubuhi, tulikuwa ukumbi namba tatu kwenye kipindi cha Dokta Elia. Dokta huyu alikwenda semina ya wiki mbili, akarudi na igizo dhima kama mtu aliyegundua ugali. Tangu hapo hafundishi. Anakaa nyuma, anakunja nne, sisi ndio tunahangaika mbele. Njia hiyo mimi naitumia darasa la pili mwaka wa ishirini na moja sasa, watoto wanauziana nyanya za udongo, na sikuhitaji cheti.

Siku hiyo alitaka baraza la usuluhishi kati ya mkulima na mfugaji. Akauliza nani ana kisa cha kweli. Flavian, mwanafunzi mwenzetu anayetoka kijiji cha Kate, akasema ng'ombe waliingia kwenye shamba la ulezi la baba yake mdogo, mzee Eustaki, mwezi wa nne, na mwenye ng'ombe hajajulikana hadi leo. Dokta akafurahi sana. Akaagiza tutumie jina la mzee, jina la kijiji na majina yetu wenyewe, eti tuuvae uhusika. Mfugaji hakumtafuta mbali. Alipitisha kidole kwenye orodha ya mahudhurio, akakuta jina la Kisukuma, akasema, "Shija, wewe unafaa." Baba yake Shija ni fundi cherehani Namanyere. Kwao hakuna hata mbuzi.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa baraza. Shija alisimama mbele ya meza, fimbo mkononi, khanga yangu begani, akasema: "Mimi Shija Maganga nakiri, ng'ombe ni wangu, niliwaingiza mwenyewe kwenye ulezi wa mzee Eustaki." Darasa likapiga makofi. Dokta akampa kumi na nane kwa ishirini, na kwenye karatasi ya alama akaandika kwamba kukiri kwake kunaaminika. Karatasi hiyo nimekukabidhi, afande.

Flavian alirekodi kwa simu. Akakata mwanzo na mwisho, akabakiza sentensi hiyo, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Nilipomuuliza alisema alikuwa anatania tu. Kesho yake saa mbili asubuhi watoto wa mzee Eustaki walikuja hapa na hiyo video, mkamkamata Shija kwenye geti la chuo.

Siku hiyo hiyo saa sita mchana nilimfuata Dokta Elia ofisini kwake, nikamwomba aje kituoni aeleze ukweli. Alikuwa anatafuna karanga. Alisema yeye aliwapa wanafunzi uhuru wa kubuni, hahusiki na walichokibuni, na masuala ya jinai yana utaratibu wake. Mtu mwenye digrii tatu. Niliondoka bila kuaga.

Nimeambiwa Jumatatu Shija anapelekwa mahakamani Namanyere, ambako kesi za Kate husikilizwa. Jumatatu hiyo hiyo ana mtihani wa mwisho, na akiukosa anarudia mwaka.

Naomba na hili liandikwe. Kabla hatujaanza, Shija alinisogelea mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mwalimu, na mimi nitumie jina langu kweli?" Darasani kwangu hata mtoto wa miaka saba simruhusu kuigiza mwizi kwa jina lake. Nambandikia jina la uongo kifuani, na tukimaliza nalibandua mbele ya wenzake. Siku ile nilikumbuka hilo, sikulisema. Nilikuwa na njaa, nataka kipindi kiishe. Nikamjibu, "Sema tu mwanangu, nani atakuamini."

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda. Nimesomewa, na yameandikwa kama nilivyosema.

Sahihi: R. P. Sikazwe

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Koplo Hellena, na shahidi ameyasaini mbele yangu saa 4:25 asubuhi. Nimemruhusu aende. Hajaondoka, amekaa kwenye benchi la mapokezi.