Bega la Kulia

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu kwako. Bega la kulia linaendeleaje?

Nauliza kwa sababu wiki ile baada ya mazishi ya Baba nilikuogesha mwenyewe. Alama ya mkanda wa gari ilianzia bega la kulia ikashukia kushoto, nyeusi kama bilinganya. Juzi rafiki yangu kanipa lifti. Nimekaa kiti cha abiria, nikafunga mkanda: unapita bega la kushoto.

Wewe si uliwaambia polisi Baba ndiye aliyeendesha? Baba mdogo anamtangaza kila mahali: "Kaka kajiua kwa pombe." Nieleze.

Mwanao

12 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Napumua, bega limepona. Unakula, au unashindia chai? Gari lilibiringika, mwanangu. Nani ajuaye mkanda ulipita wapi? Baba mdogo wako domokaya, mwache. Soma.

Mamako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakula.

Alama ilikuwa moja, imenyooka kama ya rula. Umeniuliza habari za chai ili nisikuulize habari za Baba. Unamficha nani?

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nimekaa jikoni, chai imepoa.

Baba yako alikuwa amekunywa kweli. Ndiyo maana alinirushia funguo: "Leo mimi bosi, dereva wewe!" Nikafunga mkanda kabla ya kuwasha, kama ulivyonifundisha likizo ile kwenye uwanja wa shule. Yeye akakataa, eti unambana kitambi. Mbuzi akakatiza kwenye kona, nikavuta usukani.

Polisi walipouliza nani aliendesha, ulikuwa umesimama mlangoni mwa wodi. Tangu likizo ile ulikuwa ukiwaringia shangazi zako: "Mama dereva, nimemfundisha mimi!" Nikakutazama, nikasema aliendesha baba yako.

Niliyekuwa namficha ni wewe.

Mamako

2 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Umzima? Barua yangu ilifika?

Nimekwenda kituoni nikasema ukweli. Wamechukua maelezo upya, wataniita. Baba mdogo wako nilimwambia mwenyewe, sebuleni kwake. Akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Alinifundisha nani, hakuna aliyeuliza. Lakini wewe najua unajilaumu. Mkanda ule ndio ulioniacha hai, mwanangu. Na huo pia ulinifundisha wewe.

Nilikudanganya kuhusu bega. Bado linauma. Niulize tena.

Mamako