Jante ya Munyakazi

Gisa, uko wapi? Munyakazi amechekesha Kalembe nzima leo!

Unajua ile jante ya lori, kile chuma cha gurudumu kilichotundikwa, tunachogonga kama kengele ngombe zikiingia mashambani. Yeye njo aliinunua. Juzi akasimama mbele ya watu wote, anataka kila nyumba imuchangie pesa ya jante: "Asiyechanga asisikie!" Asisikie, Gisa!

Mwalimu Uwizeye akamuambia polepole: "Papa, maharagi yako utayafungia ndani, na ukiyala wewe, mwingine hayali. Lakini sauti utaifungia wapi? Hata wote tukisikia, haipungui."

"Huo ni uchumi wa vitabu. Jante iko yangu!"

Asubui hii ngombe kumi na mbili zikaingia maharagi yake mwenyewe. Akagonga, akagonga, jasho linamutoka. Watu wamekaa tu kwenye milango.

"Mukuje basi! Hamusikie?"

"Papa, siye hatukuchanga. Tunaogopa kusikia!"

Na mimi nilikaa, sikatai.

Shamba limekwisha, Gisa. Chakula chao cha miezi yote. Mama Murekatete, mke wake, akaishusha ile jante, akaitupa kwenye miguu ya Munyakazi: "Haya, Papa. Pika hii, watoto wako na njaa."

Hakuna aliyecheka tena.