Pasi ya makala juu ya prosesa

Francine, bwana yangu iko na wembe mukononi na anasema eti mimi ndiye ninasumbua.

Nimemuuliza, "Papa Gentil, unapasua nini pale kwa meza?" Eti prosesa. Prosesa ya kompyuta yangu, ile ninachapia travaux, kazi za masomo za wanafunzi. Inachemka na kuzimika, basi anang'oa kifuniko yake ya chuma aweke pâte mupya ndani, ile ya kupoza moto.

Courant hakuna, umeme umekatika. Unajua gundi ya kifuniko ameilegeza na nini? Pasi ya makala, ile ya makaa ya moto. Pasi yangu, Francine. Ameiweka juu ya prosesa kama vile ananyoosha shati ya misa.

Nimemwambia arudishe vile ilikuwa. Anajibu, "Maman Gentil, nimekata gundi pande mbili, hairudi tena." Kwa pande ya tatu wembe inamuteleza. Ngoja, naenda.

Nimerudi. Nilimunyang'anya wembe, nikakata pande mbili zilizobaki polepole, kama vile mutu anafungua tilapia. Kifuniko ikatoka, prosesa iko nzima. Na yeye, bila haya: "Unaona? Nilikuambia ni rahisi." Aliniambia lini? Wembe ilikuwa inamuteleza.

Pâte tumeweka, kifuniko tumerudisha, prosesa imerudi ndani ya kompyuta, courant imekuja. Inawaka, Francine. Haichemki hata kidogo. Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Sasa anamwita Théodore wa jirani alete na prosesa yake, eti pasi ingali moto.

Makala yote ya pasi nimeimwaga kwa mbabula, jiko yangu ya kupikia. Maharagi iko juu.