Shikamoo Iliyokwenda Hewani

Tabora,
2 Februari 2024

Kwa baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama mdogo Agnetha, na kwamba goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila usingizi wangu siku hizi ni wa kukatika-katika. Sababu yake naieleza hapa chini.

Barua nampa kondakta wa basi la Mpanda, yule mwenye jino la dhahabu, maana simu yako haikamati mtandao mpaka upande kichuguu, na jambo hili si la kupigiana kelele juu ya kichuguu.

Tarehe kumi na tatu ni Siku ya Redio. Hapa kazini wameamua siku hiyo kusiwe na muziki kabisa, mazungumzo tu tangu alfajiri hadi taarifa ya habari ya usiku. Asubuhi atakuja Mzee Hamoud wa sokoni, ambaye babu zake walifika Tabora na misafara, aeleze njia ya zamani na nta iliyokuwa ikinunuliwa huko kwenu. Mchana mada ni misitu. Bi Najiat, mtangazaji wetu, ametuagiza sisi makarani wa simu tutafute wapigaji wa vijijini wanaoyajua mambo kwa macho yao. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Machi. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo haya mawili yanahusiana, lakini alipokuwa akiagiza alinitazama mimi.

Baba, wewe ndiye uliyenionyesha ule mti wa mtundu ulioangushwa, na mizinga yako ya nyuki imepasuka chini yake, ili watu wapate kuni za kukaushia tumbaku. Naomba upige simu useme hayo tu. Jina lako halitatajwa. Bi Najiat atasema ni msikilizaji kutoka wilaya ya Sikonge, basi. Hilo nakuahidi mimi mwenyewe.

Mwanao,
Doto


Ipole,
7 Februari 2024

Mwanangu Doto,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la mama yako mdogo linauma pale tu kunapokuwa na maji ya kuchota. Anauliza kama unakula au bado unakunywa chai na kusema umekula. Mahindi yamesimama vizuri. Nyani nao wameyaona.

Unaniomba kitu kizito, na unajua kwa nini. Mwenye mabani makubwa ya kukaushia tumbaku hapa ni Elieza, na trekta linalobeba magogo ni lake, hakuna lingine. Trekta hilohilo ndilo lililomleta marehemu baba yako kutoka Sikonge tuje kumzika. Ndilo linalonifikishia asali barabarani. Elieza akipita hapa kwangu tunasalimiana mpaka wake zetu wanachoka kusubiri. Nimemwambia mara nyingi aiache miti yenye mizinga. Ananijibu, "Mayala, tumbaku haikaushwi kwa nyimbo." Tunacheka. Kesho yake anakata mwingine.

Nimefikiri hivi. Akilisikia redioni, bila kujua ni nani amesema, atadhani wanaolalamika ni wengi, huenda akaona haya. Lakini nikisema na jina langu likasikika, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mkoa mzima. Kwa hiyo kuficha jina si woga tu, ingawa woga nao upo. Ni heshima yake hiyo.

Nitapiga. Nitapanda kichuguu mapema, nisikukute umechukua mtu mwingine. Ila jina langu, mwanangu, kaa nalo wewe.

Baba yako mdogo,
Mayala


Tabora,
14 Februari 2024

Kwa baba mdogo,

Shikamoo baba. Natumaini mmeamka salama, ingawa baada ya jana sina uhakika na chochote. Mama mdogo hajambo?

Nakueleza ilivyokuwa, si kwa ajili ya kujitetea. Siku zote simu inaingia kwenye meza yangu, namsalimu mpigaji, namuuliza jina na anakotoka, kisha nabonyeza kitufe anakwenda studio. Lakini jana, kwa sababu simu zilikuwa nyingi na zinakatika njiani, fundi wetu Murtadha aliiunganisha meza yangu moja kwa moja na hewa. Tuliambiwa taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango, karani usifungue mdomo, inua tu mkono wa simu, Bi Najiat ndiye atampokea mpigaji. Nililijua hilo. Nililiandika hata kwenye kiganja.

Taa ikawaka. Nikainua. Nikasikia kikohozi chako, kile cha kusafisha koo kabla hujaongea na wakubwa. Na mimi, baba, sijawahi katika maisha yangu kukusikia nikanyamaza. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo Mayala, habari za Ipole?" Nawe ukanijibu, "Marahaba mwanangu Doto, huku kwema tu." Ndipo nikaona Bi Najiat nyuma ya kioo ameshika kichwa.

Ulikuwa na nafasi ya kukata simu. Hukukata. Ulisema yote uliyokuwa umekuja kusema, kwamba wanaokata si wageni, ni sisi kwa sisi na tunajuana. Mzee Hamoud alikuwa bado yupo studio. Alisema zamani wenye misafara walikuwa hawaulizi bei ya nta mpaka salamu ziishe, na kwamba amefurahi kuona Ipole haijabadilika. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natetemeka chini ya meza.

Jioni meneja aliniuliza habari hiyo, nikamjibu, ikaisha. Naomba unisamehe. Niambie Elieza amesema nini.

Mwanao,
Doto


Ipole,
19 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na upunguze kutetemeka, meza ya watu utaivunja. Sisi wazima. Mama yako mdogo alikuwa akisikiliza kwenye redio ya jirani, anasema sauti yangu hewani ni ya mtu mnene. Sijui kama ananisifu.

Sikufichi, usiku ule sikula. Asubuhi Elieza alisimamisha trekta hapa nje, hakushuka. Nikatoka. Akaniambia, "Kumbe ndivyo unavyonisema huko mjini." Nikamwambia ndiyo, nimekusema. Akatazama usukani muda mrefu. Halafu akasema, "Ulitaka ujifiche, mtoto akakufichua kwa salamu." Akaanza kucheka, nami nikacheka, maana hata mimi ningeweza kunyamaza, lakini niliitikia "marahaba". Akasema mtu anayekuficha jina lake wakati anakusema, bado anakujali. Akaondoka. Amekasirika, lakini ni hasira ya mtu atakayerudi. Nafikiri hata ule mti wa mtoni wenye mizinga yangu ataupitia mbali.

Kwa hiyo usijilaumu. Ungenisikia nikikohoa ukakaa kimya kama karani wa serikali, hapo ndipo ningekasirika.

Kula vizuri.

Baba yako mdogo,
Mayala


Tabora,
2 Machi 2024

Kwa baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mdogo hamjambo, na mvua haijaharibu barabara. Mimi mzima wa mwili.

Tangu ile barua yako ya tarehe kumi na tisa, nimeulizia nyingine kwa kondakta kila basi lilipofika stendi. Mara ya mwisho aliniambia, "Kijana, kama ni mchumba, amepata mwingine." Nilijaribu kupiga simu, haipatikani. Labda ni mtandao.

Sijui kama Jumamosi iliyopita mlisikiliza marudio ya kipindi kile. Kama hamkusikiliza, hamkukosa kitu. Kama mlisikiliza, kuna maneno ya utangulizi ambayo Bi Najiat aliyasema kwa nia njema kabisa. Yeye hana kosa. Nitakueleza vizuri siku nikija.

Naomba unijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Doto


Ipole,
11 Machi 2024

Doto,

Tulisikiliza Jumamosi ile. Elieza alikuja na redio yake kubwa, akaiweka pale penye duka, watu wakakusanyika, kwa sababu alitaka wasikie ile salamu wacheke tena. Alikuwa amekwisha kulifanya jambo lile kuwa mzaha. Alikuwa ananisaidia.

Akaanza yule mama mtangazaji. Akasema: sasa msikilizeni shujaa wetu Mzee Mayala wa Ipole, ambaye asubuhi ya siku ile alitupigia yeye mwenyewe kusema hataki kujificha, jina lake litajwe, wanaokata miti wamjue.

Elieza aliizima redio. Alinitazama. Ningesema nini? Kwamba redio imedanganya? Anayefanya kazi redioni ni mtoto wangu.

Tangu siku ile hakuna anayenisalimia. Nikimwamkia mkubwa wangu, anatazama mti. Vijana wananipita kama wanapita nguzo ya umeme. Mama yako mdogo akifika kisimani, mazungumzo yanakwisha. Mizinga mitatu ya mtoni imeshushwa na kuchomwa. Si Elieza aliyefanya hivyo, ni vijana, lakini hakuwakataza. Asali nimeibeba kichwani hadi barabarani.

Mimi asubuhi ile sikumpigia mtu. Nilikuwa juu ya kichuguu nangoja saa yako. Kwa hiyo nakuuliza jambo moja: maneno yale ameyatoa wapi?

Mayala


Tabora,
16 Machi 2024

Baba mdogo,

Sijui kama nina haki ya kukuamkia, kwa hiyo salamu nimeiacha mwisho, uichukue kama utapenda.

Maneno yale yametoka kwangu.

Jioni ile ya tarehe kumi na tatu meneja aliniita. Aliniuliza swali moja: mzee yule alikubali kutajwa? Kama hakukubali, alisema, ni kosa la kazi, na kosa la kazi huandikwa. Nikawaza mkataba. Nikawaza kwamba ulisomesha mtu awe na kazi, na nikajiambia ninailinda kwa ajili yako pia. Nikasema, "Alikubali. Alinipigia asubuhi akasema jina litajwe." Mdomo ulifanya haraka kuliko mimi. Meneja akafurahi, akamwambia Bi Najiat, naye akalibeba kwa moyo mweupe. Mimi nilikaa kwenye kiti changu siku zote hizo nikijua marudio yanakuja. Jumamosi ile nilikuwa zamu. Nilimsikia akiyasema nyuma ya kioo, na nilikuwa na simu mkononi, na sikufanya kitu.

Kosa la salamu ulinisamehe kabla sijalia. Lile halikuwa kosa, najua. Kosa ni hili, na katika barua yangu ya Februari nililipitia pembeni, nikaandika "nikamjibu, ikaisha" kana kwamba ni jambo la ofisini.

Barua yako niliipata Jumanne stendi, nikaisoma nimesimama, bajaji zinanipigia honi. Jana nikaenda kwa meneja kabla ya kipindi. Sikuwa jasiri. Nilikaa kwenye ngazi mpaka Murtadha akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia yote meneja. Hakupiga kelele. Alisema mkataba hautaendelea, na akasema kwa kuwa uongo ulitoka hewani, na ukweli utoke hewani, na autoe mwenyewe aliyeusema.

Bi Najiat alinipa kiti chake. Hakunitazama. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri, sikuyaona. Nikasema mimi ni Doto, karani wa simu. Nikasema Mzee Mayala wa Ipole hakuomba kutajwa jina, aliomba lifichwe, kwa sababu alimheshimu jirani yake. Nikasema niliahidi kulificha, nikalitoa kwa mazoea, kisha nikasema uongo kulinda kazi yangu. Baada ya hapo sikujua mtu hufunga vipi maneno kama hayo. Nikasema, "Shikamoo baba mdogo," nikanyamaza, kama vile ungeweza kunijibu. Bi Najiat aliacha kimya kile kidogo, kisha akaendelea na matangazo ya vifo.

Sijui kama ulisikia. Sijui kama redio ya Elieza ilikuwa imewashwa. Sikuombi useme lolote kwa niaba yangu huko. Vitu vyangu nimevihamishia kwa rafiki huku mtaa wa Kanyenye, nitatafuta kibarua chochote. Kuja Ipole sitakuja mpaka niitwe, maana sitaki tupite mimi na wewe mbele ya watu, wakose kuitikiwa wawili badala ya mmoja.

Salamu niliyoiacha ni hii.

Shikamoo.

Doto


Ipole,
5 Aprili 2024

Mwanangu Doto,

Nimekawia kwa sababu mara tatu nilianza kuandika nikaacha.

Tulikusikia. Si wengi, ila dukani redio ilikuwa imewashwa, na mambo hapa husambaa yenyewe. Juzi binti wa Elieza alimwamkia mama yako mdogo kisimani. Kwa sauti ndogo, lakini walisikia wote.

Elieza mwenyewe bado. Leo amepita na trekta, tupu, halina magogo. Nilikuwa nje nachonga mzinga mpya. Hakusimama. Ila alipofika usawa wangu alipunguza mwendo, hadi alipovuka ule mti wa mwisho wa shamba langu.

Mama yako mdogo anauliza sasa unakula wapi. Basi la Mpanda linapita hapa Jumapili kabla ya jua kali.

Marahaba.

Baba yako mdogo,
Mayala